Mwisho wa Juma Baada ya Mavuno

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine wengine wataliona kuwa dogo, yaani matembezi ya Jumamosi na Jumapili wakati wa kiangazi.

Katika nchi za Ulaya mwaka hugawanywa kwa majira manne, na watu wa huko, baada ya kufungiwa nyumbani na baridi kwa miezi mingi, hulingoja jua kama sisi tuingojavyo mvua. Jua likitokea, hutoka pamoja na marafiki zao, wengine kwa miguu, wengine kwa gari moshi, wakaenda mashambani na pwani. Wanafunzi huuliza kwa nini sisi hatuna majira kama hayo. Tunayo, ila hayaji kwa jina lile. Mvua zetu huanza karibu na mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mtu wa Shinyanga au wa Geita akiisha kuvuna mtama na mahindi, akauza na pamba yake, hana palizi tena mpaka mvua irudi. Juni, Julai na Agosti asubuhi huwa na baridi kidogo, mbingu ni nyeupe, njia ni kavu, na vijito vingi huvukwa bila kuvua viatu. Hiyo ndiyo nafasi yetu.

Wazee wa Usukuma walijua sana kuitumia nafasi hiyo. Ghala likiwa na chakula, walikwenda kuwaona wakwe na ndugu, wakakaa kivulini kucheza isolo, ambayo wengine huiita bao. Lakini zaidi ya yote walikwenda ngomani. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa vijana wengi huiona ngoma hii bila kujua kanuni zake.

Husimuliwa ya kuwa zamani, yapata katikati ya karne ya 19, walikuwako mafundi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijisifu kuwa ana dawa ya kuwavuta watu kumpita mwenziwe. Wakashindana, wala haikukoma kwao. Wafuasi wa Ngika waliitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha waliitwa Bagalu, na mpaka leo makundi ya ngoma ya Wasukuma hujihesabu kuwa ya upande huu au ule. Mashindano yao hayana saa ya kupimia wala kitabu cha alama. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kila kundi hujiwekea jambo la kushtusha: hawa watatoa sanamu ya mbao yenye mikono inayochezeshwa, wale watamtoa chatu mzima na kumvisha mchezaji shingoni, na mara watu mia watakimbia kutoka upande mmoja kwenda wa pili huku wakicheka. (Mwenye kuogopa nyoka asione haya kusimama nyuma. Mimi husimama nyuma.) Wengine nao hucheza bugobogobo, ngoma iliyotoka katika kazi ya kulima kwa pamoja, na majembe hurushwa juu na kudakwa kwa kufuata mdundo wa ngoma kubwa. Mtu aliyekwisha kulima shamba zima kwa jembe la mkono ataona kwamba hapo jembe limepewa siku yake ya kupumzika.

Mahali panapojulikana sana kwa mashindano hayo ni Bujora, karibu na Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Sikukuu yenyewe huitwa Bulabo, maana yake maua, nayo kwa kawaida huwa mwezi wa Juni. Hapo pana nyumba ya makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na padre mmoja wa kutoka Kanada, David Clement, pamoja na wazee wa Kisukuma, tangu miaka ya 1950. Pana ngoma za watemi, vyombo vya nyumbani, zana za wahunzi, na jengo lililofanyizwa kwa mfano wa kiti cha mtemi. Mwalimu awezaye kuwapeleka watoto huko awapeleke, lakini awaache watazame kwanza kabla ya kuwasomea. Kijana atakayeona nyundo ya mhunzi kwa macho yake mwenyewe ataniuliza maswali ambayo sikuyaandika ubaoni.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Wako vijana wengi waliozaliwa upande wa Shinyanga ambao sasa wako machimboni Geita, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko. Dhahabu ya Geita si habari ya jana. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Lakini hao nisemao ni wachimbaji wadogo, wanaoshuka katika duara kwa kamba na kugawana mifuko ya mawe. Mchimbaji huyo juma lake halifuati kalenda. Mawe yakiwa yamepatikana, Jumapili ni siku ya kazi; mawe yakikosekana, Jumatatu ni siku ya kukaa bure. Akipata fedha, huzipata kwa mara moja, na mahali pa kwanza kuzipeleka ni pale karibu na karasha, penye muziki na pombe. Asubuhi yake hana fedha wala hana habari za mama yake. Simlaumu kwa kutaka furaha, maana kazi ya chini ya ardhi ni ngumu na ya hatari. Nasema tu ya kuwa furaha hiyo aliuziwa na watu wasiomjua jina, na siku atakapoumia hawatamtafutia mwenyeji.

Zamani alikuwa na udhuru mmoja wa haki, nao ni maji. Kati ya Kigongo na Busisi Ziwa limeingia nchi kavu kwa mkono mrefu, na aliyetoka Geita na Sengerema kwenda Mwanza au Shinyanga alikingoja kivuko, pengine kwa saa nyingi. Siku mbili za mapumziko zilikwisha foleni. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la mahali hapo lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3, nalo limepewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Sasa basi huvuka kwa dakika chache. Aondokaye Geita saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumamosi aweza kupita Busisi, akafika Usagara, akaishika barabara ya Shinyanga, akala chakula cha jioni kwao, akalala, na Jumapili mchana akaianza safari ya kurudi. Wenzake wa duara moja wakipatana mapema juu ya Jumamosi ipi, hakuna atakayepoteza fungu lake.

Tena si lazima kila mtu aende mbali. Kwa baiskeli tu kuna mambo ya kutazama. Wenyeji wa Shinyanga wanajua ngitili, yaani pori la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Nchi hii ilikatwa miti kwa wingi, sehemu moja kwa ajili ya kumfukuza mbung'o, sehemu nyingine kwa mashamba na kuni, hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, na vijiji vikafufua ngitili zake kwa maelfu ya hekta. Nendeni na mzee mmoja awatajie miti na dawa zake. Chukueni michembe, karanga na maji ya kunywa, na moto msiuwashe huko, maana majani ya Agosti hayangoji cheche ya pili.

Walio upande wa Ziwa nao wana kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Huko wako sokwe ambao wazee wao walitolewa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya na kuachwa huru kisiwani katika miaka ya 1960. Kwenda huko kwahitaji fedha na ruhusa, kwa hiyo ni safari ya kuwekea akiba, labda kwa kundi la marafiki.

Lakini juu ya Ziwa nitasema kwa ukali. Kuogelea ovyo kandokando penye majani huleta kichocho, na mamba wako. Na chombo kilichojaa kupita kiasi hakifai kupandwa, hata kama mwenzako ameshika mkono wako akikuita. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilipokuwa karibu kufika Ukara. Kilikuwa chombo cha watu 101, na waliokufa walipita 200. Siku ile ilikuwa ya gulio. Wengi walikuwa wakirudi nyumbani na vitu walivyonunua. Mkiona watu wamesimama mpaka ukingoni, rudini mkae chini ya mwembe, mngoje chombo cha pili. Mwenyeji wenu atawangoja.

Na mwenyeji naye nina neno lake. Mgeni wa mwisho wa juma hana siku nyingi, basi asitumwe huku na huku kwa shughuli za familia, wala asiwekewe orodha ya madeni kabla ya kunawa mikono. Mpe matobolwa na chai, mkalishe na wazee, mwache ayasikie majina ya watoto waliozaliwa tangu alipoondoka. Anapoondoka msindikize, si mpaka mlangoni, bali mpaka njia panda, kwa kuwa maneno mengi mazuri husemwa kwenye kusindikizana.

Aliye na ndugu machimboni ampigie simu juma hili, amwambie ni Jumamosi ipi atazamiwe, na ni nani atakayemlaki kituoni.