Kamba Moja, Viwanja Sita
(Maneno ya walimu wa michezo mbele ya mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati imetutaka tueleze kwa nini tumefunga kamba kwa urefu wa uwanja wa voliboli, mahali ambapo watu wamezoea kuona wavu umekatiza. Maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema tumeharibu mchezo, wengine kwamba tunachezesha watoto wakubwa michezo ya chekechea. Tunaomba mtusikilize.

Uwanja wa voliboli una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na unachukua wachezaji 12. Darasa letu la jioni lina watoto 60. Kwa desturi iliyozoeleka, 48 hukaa pembeni. Hata kwa hao walio ndani, mpira huwafikia wawili watatu wenye mikono ya nguvu, na wasichana hubaki kuokota uliotoka nje. Ama mwalimu hupanga mstari mrefu, kila mtoto apige sevu mbili kisha arudi nyuma. Mtoto huyo hurudi nyumbani amejifunza kungoja, na kungoja hapa kambini tunakujua vya kutosha.

Kamba ikipita kwa urefu, na mistari ikichorwa kwa majivu, ardhi ile ile inatoa viwanja sita, kila kimoja mita 3 kwa 9. Wakicheza wawili kwa wawili, watoto 24 wako mchezoni kwa wakati mmoja. Tunabadilishana kila baada ya dakika chache, na wanaopumzika wanahesabu pointi.

Mwanzoni hakuna kupiga. Ni kudaka na kurusha tu, mpira upite juu ya kamba uanguke kwa wenzao. Mpira wa mifuko ya nailoni unatosha kwa hatua hii. Kwa kuwa uwanja ni mwembamba, pembeni hakuna pa kurushia. Mtoto analazimika kufikiri mbele na nyuma. Baada ya muda tunapiga filimbi na kuuliza: Mpinzani amesimama wapi? Ardhi tupu iko wapi? Ukisharusha, wewe unarudi kusimama wapi? Majibu yanakuja kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kinyarwanda, na mara nyingi kwa kidole tu. Mmoja anasema amrushie mbali nyuma, kisha karibu na kamba. Mwenzake anajibu kwamba basi wao watagawana, mmoja mbele, mmoja nyuma. Huo ndio mpango wa mchezo, na hakuna aliyewaambia. Siku nyingine tunaunganisha viwanja viwili, upana unaongezeka, na wanagundua kona.

Wakishaelewa, tunakataza kudaka. Hapo mtoto mwenyewe anauliza, "Mwalimu, sasa mikono niiweke vipi?" Ndipo tunapomfundisha kupokea kwa mikono miwili iliyounganishwa, kwa sababu sasa anaihitaji.

Njia hii hatukuibuni sisi. Bunker na Thorpe, walimu wa Loughborough huko Uingereza, waliiandika mwaka 1982, wakisema kwamba kufundisha ufundi peke yake kunawaacha wanafunzi wengi bila mafanikio na bila kuuelewa mchezo. Na wanaosema kamba yetu iko chini mno, wakumbuke kwamba William Morgan alipoanzisha mchezo huu Marekani mwaka 1895, wavu wake haukufika mita 2. Leo wa wanaume ni mita 2.43. Mchezo umekuwa ukirekebishwa tangu siku ya kwanza.

Kamba hiyo ikishushwa zaidi, tunapata voliboli ya kukaa, ambayo imo katika michezo ya Paralimpiki tangu 1980. Wavu wake ni mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, uwanja mita 10 kwa 6. Anayegusa mpira lazima makalio yawe chini. Vijana wetu waliopoteza miguu wanacheza na wenye miguu, na wanaowashinda ni wengi, maana wenye miguu hawajazoea kusogea kwa mikono.

Sasa tuna maombi mawili. Timu ya wakubwa tunaiheshimu, ni vijana wetu. Lakini uwanja wanautumia kila siku tangu saa kumi hadi giza, na wasichana wengi hawawezi kuja mapema kwa ajili ya foleni ya maji. Tunaomba Kamati itoe jioni tatu kwa juma kwa viwanja vidogo, na iandike hivyo kwenye ubao wa matangazo, isiwe makubaliano ya mdomo.

Kwa ndugu wa mashirika: jezi tumepokea na tunashukuru, zinapendeza kwenye picha. Safari hii tunaomba mipira sita iliyo myepesi, isiyoumiza mikono ya mtoto wa miaka tisa, na kamba imara ya mita 25. Nguzo tutakata wenyewe.

Kesho saa kumi jioni kamba itafungwa kama kawaida. Mwenye mashaka aje acheze dakika tano na watoto wa darasa la nne.