Neno Moja, Aina Mbili: Uainishaji wa Maneno katika Kiingereza na Kiswahili



Fasili tuliyokaririshwa shuleni yasema kwamba nomino ni jina la mtu, kitu au mahali, na kitenzi ni neno litajalo tendo. Fasili hiyo hushindwa mara tu ikutanapo na neno la Kiingereza “reading”. Maana yake ni tendo. Hata hivyo, aina yake hubadilika.

Tuanze na “his careful reading of the letter”. Neno letu limetanguliwa na kivumishi “careful”, na barua imeunganishwa nalo kwa “of”: hiyo ni tabia ya nomino. Katika “reading the letter carefully”, mahali pa kivumishi pameshikwa na kielezi, na barua inafuata moja kwa moja ikiwa shamirisho: hiyo ni tabia ya kitenzi. Lakini Waingereza husema pia “his reading the letter carefully”, na hapo kimilikishi kinaelekeza kwenye nomino ilhali shamirisho na kielezi vinaelekeza kwenye kitenzi. Mgawanyo wa aina nane uliozoeleka katika sarufi ya Kiingereza haukuliandalia neno kama hilo kikapu.

Kwetu jambo hili ni bayana zaidi. “Kuvisoma kwake vitabu hivi kumenisaidia.” Ndani ya “kuvisoma” mna -vi-, kiambishi cha shamirisho ambacho nomino “kisomo” haiwezi kukibeba. Nje yake, “kwake” na “kumenisaidia” vyaonyesha upatanisho wa ngeli ya KU-. Kwa ndani ni kitenzi, kwa nje ni nomino. Ndiyo maana jina “kitenzi-jina”, ambalo baadhi ya wanasarufi wetu wamelitumia, naliona linafaa kuliko kulazimisha upande mmoja.

Nimewahi kukuta karatasi ya mtihani ambamo mwanafunzi aliyeandika kwamba “kusoma” ni kitenzi alipewa sifuri, bila neno la maelezo. Sentensi aliyopewa ilikuwa na “kusoma vizuri”. Ingekuwa “kusoma kuzuri”, mtahini angekuwa na hoja. Mimi siku hizi humtaka mwanafunzi ataje ushahidi kwanza, kisha jina la aina. Na alama nyingi naziweka kwenye ushahidi.

Limebaki swali moja linalonisumbua. “Kuvisoma vizuri” ni sawa. “Kuvisoma kuzuri” je? Masikioni mwangu kunakwaruza, ingawa “kuvisoma kwake” hakukwaruzi. Ningependa kuwasikia ninyi.