Baa, shule na mita 300: sheria inasema nini hasa?

Uzi mwingine wa "Wanabishania nini?" Kanuni ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Leo ni tofauti kidogo, kwa sababu haya niliyasema kwa mdomo Jumamosi, kwenye mkutano wa wazazi na vijana hapa Kedowa. Wengi mmeniomba maandishi, basi nimeyaweka karibu vile nilivyoyasema. Ni marefu. Shika chai, soma polepole.

1.
Chamgei wazee wetu, chamgei kina mama, vijana wenzangu hamjambo. Mimi ni mtoto wa hapa, mnanijua. Nasomea siasa chuoni, si wakili, kwa hivyo mkitaka wa kuwasimamia kortini mtafute mwenye joho. Nimeitwa kwa sababu moja: kuna mtu ameomba leseni ya baa karibu na shule yetu ya msingi, na mama mmoja akaniuliza, "Wewe unayesoma hayo maneno, tunaweza kuzuia ama tumeshachelewa?"

Nitamjibu. Lakini kabla ya jibu, wacha tupange kwanza yale maneno tunayoyasikia kila siku redioni na kwenye mikutano ya siasa. Tukiyabeba vile yalivyo, tutapeleka malalamiko mlango usiofaa.

2.
Neno la kwanza: "Mkinichagua, nitafunga baa zote." Hapo watu hupiga makofi, kina mama hupiga vigelegele. Sasa jiulize: atafunga kwa mamlaka gani?

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria ya nchi nzima. Hana kalamu ya kumpa mtu leseni wala ya kumnyang'anya. Mwakilishi wadi anatunga sheria ya kaunti. Idara ya kaunti na kamati yake ndizo zinazopokea maombi, zinakagua na kuamua. Polisi na machifu wanashika anayeuza bila leseni ama anayevunja masharti.

Hata gavana hawezi kuamka asubuhi akafuta leseni halali kwa mdomo. Aliyelipia leseni ana haki ya kusikizwa. Ukimfungia bila kufuata utaratibu anaenda kortini, anarudi na amri ya jaji, na baa inafunguliwa siku hiyo hiyo na muziki juu. Tumeona hii sinema sana nchini. Kwa hivyo mtu akikuahidi "nitafunga", muulize: kwa kifungu gani, na kupitia ofisi gani?

3.
Neno la pili: "Hakuna sheria, ndiyo maana pombe imejaa." Hapana. Sheria iko. Ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, nambari 4 ya mwaka huo. Watu wengi huiita kwa jina la mbunge aliyeileta, lakini sisi hapa hatutaji majina.

Haya ni baadhi ya yaliyomo:

Aliye chini ya miaka 18 hauziwi pombe, na haruhusiwi kuwa mahali inapouzwa.

Baa ya kawaida, siku za kazi, inafungua saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu inaweza kuanza saa nane mchana, na kufunga ni saa tano vilevile. Hoteli na klabu zina aina zao za leseni.

Pombe ya sacheti, ile ya kuchana kwa meno, ilipigwa marufuku.

Jengo lazima liwe safi, liko imara, lina vyoo vinavyofaa.

Na hapa ndipo penye kesi yetu: baa inayoomba leseni mpya lazima iwe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari ama taasisi yoyote ya masomo ya walio chini ya miaka 18.

Kaunti nazo zinatunga sheria zao, na mambo kama ada huweza kutofautiana. Kwa hivyo ukienda ofisini uliza na ya Kericho inasema nini. Usiende na uzi wangu peke yake.

4.
Kuna sharti moja ambalo sijawahi kusikia mwanasiasa akilitaja jukwaani, na mimi naona ndilo lenye nguvu kuliko yote. Sheria inasema kamati isitoe leseni mpya ya baa ya kunywa hapo hapo mpaka iridhike kwamba ni kwa manufaa ya umma, na kwamba baa zilizopo hazitoshi mahitaji ya eneo hilo ukiangalia idadi ya watu.

Soma tena pole pole. Mzigo ni wa mwombaji. Mwanakijiji halazimiki kueleza kwa nini hataki baa. Mwenye baa ndiye anayepaswa kueleza kwa nini sisi tunahitaji nyingine.

Kedowa tuko barabarani. Malori ya Kericho na Kisumu yanapita hapa usiku na mchana, na madereva wanasimama. Hiyo ni biashara, siikatai. Lakini tembea kutoka stendi mpaka mwisho wa maduka, uhesabu milango inayouza pombe, halafu uhesabu inayouza vitabu. Hesabu hiyo ni ushahidi. Iandike.

5.
Neno la tatu: "Lakini chang'aa si ilihalalishwa?" Hili linachanganya hata watu wa chuo. Ni kweli sheria ya 2010 ilifuta ile ya zamani iliyoharamisha chang'aa moja kwa moja. Lakini haikusema kila mtu apike. Ilisema anayetaka kutengeneza achukue leseni, afuate viwango vya ubora, apakie vizuri na aweke onyo la afya. Ile inayopikwa kule mtoni kwa debe bado ni kosa.

Hapa wacha niseme ukweli wangu, kwa sababu nikiuficha mtasema ninahubiri tu. Shangazi yangu alipika busaa miaka mingi. Sare yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwa busaa hiyo. Nikisikia mtu jukwaani akiwaita wapikaji "wauaji", namkumbuka yeye amekaa kando ya moto saa kumi alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Hakuwa muuaji. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na robo ekari. Sheria ilimfungulia mlango wa leseni, lakini masharti ya mlango wenyewe yaliandikiwa mwenye kiwanda. Huo ni upungufu wa sheria, na mtu anaweza kuusema bila kutetea sumu.

6.
Sumu iko, na tusicheze nayo. Mwaka 2000, Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 wakafa makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kitui zikiwemo. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Methanoli haina huruma: asiyekufa anaweza kupofuka.

Kila baada ya msiba kunatoka agizo. Mwaka 2015 kulikuwa na msako, vijana wakavunja maduka na kumwaga kreti barabarani. Machi 2024 serikali kuu ikatangaza orodha ndefu ya hatua. Mwezi mmoja, miwili, joto linapoa. Sisi wa siasa tunasoma jambo hili: agizo linasikika sana, lakini linalobaki ni ukaguzi wa kila wiki ambao hakuna kamera inayoufuata. Leseni ina maana kwa sababu inaweka jina la mtu ukutani. Watu wakiumia, unajua ni nani aliuza na alinunua wapi. Pasipo leseni, unabaki na chupa tupu na matanga.

7.
Neno la nne: "Umri umepandishwa hadi 21." Bado. Julai 2025 ilizinduliwa sera ya kitaifa iliyopendekeza umri uwe miaka 21, pamoja na kuzuia kuuza pombe kwa mtandao na kwenye maduka makubwa. Kelele zikawa nyingi, NACADA ikalazimika kueleza kuwa hiyo ni sera. Sera ni serikali kusema inataka kwenda wapi. Ili iwe sheria lazima ipite bungeni, na kabla ya hapo wananchi waulizwe maoni. Mtu akikuambia kijana wa miaka 19 atashikwa leo kwa sababu ya ile sera, anakutisha bure. Na mwingine akikuambia "tayari tumewaokoa vijana wenu", naye anakula sifa ambazo hajazifanyia kazi.

8.
Neno la tano, na hili husemwa kwa sauti ya chini: "Kaunti haiwezi kufunga, inakula hapo." Sitasema mtu ni mwizi. Nitasema vile mfumo ulivyo. Ada za leseni ni mapato ya kaunti. Ofisi ile ile inayotakiwa kusema "hapana" inapata pesa ikisema "ndiyo". Hata ukiweka malaika pale, ataona jaribu. Dawa yake ni uwazi: orodha ya waliopewa leseni ibandikwe, idadi ya waliokataliwa ijulikane, na pesa ionyeshwe imetumika wapi, mathalani kutibu walioathirika.

9.
Kuna upande wa pili, na sitaki tuuruke. Wenye baa wanasema: "Mnatufungia, mtaandika kazi watoto wetu?" Wana hoja. Baa moja ina mhudumu, mlinzi, mama wa nyama choma nje, boda wa kupeleka watu nyumbani. Na wengine wanasema, "Baa yangu ilikuwa hapa, shule ikanifuata." Kifungu cha mita 300 kinazungumzia leseni mpya, ndiyo maana kesi za baa kongwe huwa ngumu na zinahitaji mazungumzo.

Lakini yetu si kongwe. Hiyo plot mwaka jana ilikuwa ya viazi.

10.
Sasa jibu la mama. Ndiyo, tunaweza. Tena niseme kwa nini mara ya mwisho tulishindwa, maana nilikuwepo. Ilipofunguliwa ile baa nyingine, tulilalamika kanisani, tukalalamika kwenye matanga, tukalalamika kwenye kundi la WhatsApp mpaka simu zikaisha chaji. Barua hata moja haikuandikwa. Kamati ilipokaa, faili ilikuwa na ombi la mwenye baa peke yake. Kwenye karatasi, Kedowa yote ilikuwa imekubali. Na mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma habari za ushiriki wa umma, nikiwa nimekaa kimya.

11.
Utaratibu wa sheria ya 2010 ni huu. Ombi likiingia, hutolewa tangazo lenye jina la mwombaji, aina ya leseni, mahali na siku ya kusikizwa. Mtu yeyote anaruhusiwa kupinga. Si lazima uwe mzazi wala mwenye shamba jirani. Pingamizi linaandikwa, linapelekwa kwa kamati, na mwombaji naye anapewa taarifa angalau siku saba kabla ya kusikizwa. Kuthibitisha kuwa alipewa ni juu yako unayepinga. Kwa hivyo mpelekee mkiwa wawili, atie sahihi, mpige picha.

Barua iwe na mambo, isiwe na matusi. Juzi mimi na mzazi mmoja tuliazima tepu ya fundi ya mita 30. Kutoka geti la shule mpaka mlango wa hilo jengo tuliitandaza mara saba, ikabaki kipande cha mita kumi. Mita 220. Andika hiyo. Andika idadi ya baa zilizopo. Andika njia wanayopita watoto. Usiandike "mwenyewe ni mtu mbaya", hilo kamati haiwezi kulipima.

Siku ya kusikizwa, twende. Barua bila mtu ni rahisi kuwekwa chini ya rundo.

12.
Na mkishinda, msiondoke mkidhani kazi imekwisha. Msimu wa bonasi ya majani chai ukifika, mkono wenye pesa utatafuta mahali pa kwenda, na palipofungwa kwa sheria panaweza kufunguliwa kwa mlango wa nyuma. Shangazi yangu aliacha kupika siku alipopata ng'ombe wa maziwa na mahali pa kupeleka maziwa. Hakuna chifu aliyemwachisha. Kwa hivyo mwanasiasa akija na wimbo wa kufunga, mpeni swali la pili: ukishafunga, hawa wanaouza watauza nini?

Nimemaliza. Karatasi na kalamu ziko hapa mezani. Kabla ya chai, nani anaandika barua?

—
Mwisho wa uzi. Barua tatu ziliandikwa pale pale, moja kwa mkono wa mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyesema yeye anakunywa na ataendelea kunywa, lakini si mbele ya mjukuu wake. Tukisikizwa nitawaambia ilivyokwenda, tukishinda ama tukishindwa. Maswali wekeni hapa chini. Ukitaja jina la mwanasiasa, nafuta.