Chumvi Si Dawa ya Kila Rovu



Leo nataka tuzungumzie uvimbe wa shingoni, yaani rovu, na chumvi ya jikoni. Mtu akiota rovu, jirani mmoja humwambia ale chumvi kwa wingi, na mwingine humwambia aiache kabisa. Wote wawili hutoa ushauri bila kujua rovu lile limetokana na nini.

Tezi la shingo huhitaji madini joto ili litengeneze homoni zinazouendesha mwili. Likiyakosa, huvimba. Katika mikoa ya nyanda za juu kama Iringa, Mbeya na Rukwa, ambako udongo una upungufu wa madini hayo, marovu yalienea sana. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 vilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 ikaamriwa chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Je, mtu ale chumvi kiasi gani? Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kilo ya chumvi ikiwa na miligramu 30 za madini joto, gramu hizo 5 zinatosha. Ukizidisha, utajitafutia shinikizo la damu bure.

Lakini si kila rovu ni la upungufu. Lipo tezi linalofanya kazi kupita kiasi: moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda. Lipo na lililolegea: mtu huchoka, huona baridi, hunenepa. Haya chumvi haiyaponyi. Tena madini joto mengi, kama yale ya vidonge vya mwani, yanaweza kulivuruga tezi zaidi. Nasema basi, mwenye rovu aende hospitali apimwe damu, na aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kutumainia chumvi.

Wapo wagonjwa ambao daktari huwaagiza wapunguze madini joto. Kwa mfano, anayeandaliwa kutibiwa kwa madini joto yenye mionzi huambiwa, kwa wiki moja au mbili, aepuke chumvi hiyo, samaki wa baharini, maziwa na mayai. Huyo apikiwe chakula chake peke yake. Chungu cha nyumba nzima kisibadilishwe kwa ajili yake, maana huenda humo ndani yumo mja mzito, naye anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Mtoto aliye tumboni akikosa madini joto, ubongo wake hudumaa, na hasara hiyo hairekebishiki akishakua.

Mwisho, msidhani chumvi ya bahari ina madini joto ya kutosha kwa asili yake. Haina, mpaka itiwe. Nunueni pakiti iliyoandikwa hivyo, muiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na moto, na muitie chakula kikikaribia kuiva.

Chungu ni kimoja, lakini wanaokila chakula chake hawana shingo moja. Tusipeane dawa kwa kukisia.