Kuhifadhi ni Hatua kwa Hatua

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Surat An-Nahl Mola wetu anatukumbusha kuwa tulizaliwa hali hatujui kitu, kisha akatujaalia masikio, macho na nyoyo. Basi na tuzingatie jinsi elimu inavyopita humo.

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Atkinson na Shiffrin, waliieleza kumbukumbu ya mwanadamu kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kama mlango: lililosikika au lililoonekana husimama hapo kitambo kidogo mno, na lisipozingatiwa hutoweka. Ya pili ni kama ukumbi mdogo: huingia mambo machache tu, na yasiporudiwa hupotea kabla ya dakika moja kwisha. Ya tatu ni ghala kubwa, ambamo jambo laweza kukaa umri mzima. Huko huingia lile lililorudiwa na kufahamika maana yake, na usingizi huliimarisha.

Nasi waalimu wa chuoni tumekosea sana. Mtoto alisoma aya vizuri jioni, asubuhi ikamponyoka. Tukamwita mvivu, na bakora ikanena. Leo twakiri: aya ilikuwa ingali ukumbini, nasi tulidhani imekwisha kufika ghalani. Tulimtwika ukurasa mzima kwa siku moja, kisha tukaujaza ukumbi ule mdogo kwa hofu, hata aya ikakosa mahali pa kukaa.

Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kuhifadhi Qurani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachilia huenda zao. Basi, kufunga mara moja hakutoshi.

Enyi wazazi na waalimu, wapeni watoto aya chache, na muwafahamishe maana. Wasome baada ya Magharibi, walale, wazirudie baada ya Alfajiri. Kisha baada ya siku chache, baada ya juma, na baada ya mwezi. Nanyi wanafunzi, msiyalimbikize masomo mkakesha usiku wa kuamkia mtihani. Na mtoto akisahau, arudishwe kwa upole, kwani kusahau si uasi.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, na utusamehe tuliyowatendea watoto kwa kutojua. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Amin.