Wizi wa Silaha Madukani: Kifungo na Daftari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mlipotutaka tuseme juu ya sheria moja ya ng'ambo, tulichagua ile ya Marekani ihusuyo wizi wa silaha katika maduka yenye leseni. Huenda mtu akauliza, karani ana nini na bunduki? Twamwomba asubiri kidogo, kwani ndani ya jambo hili mna daftari, na daftari ndiyo kazi yetu.

Katika nchi ile, mtu atakaye kufanya biashara ya bunduki hupewa leseni na Serikali Kuu, kwa sheria ya mwaka 1968. Mwaka 1994 ikaongezwa sheria kwamba aibaye silaha katika mali ya duka la namna hiyo aweza kufungwa miaka isiyozidi 10. Wezi hawakukoma. Katika mwaka 2017 maduka hayo yalivunjwa mara 577, zikachukuliwa silaha 7,841. Wengine huja usiku na gari, wakaligongesha mlangoni mpaka pakafunguka, wakazoa bastola zilizomo katika makabati ya vioo, wakatoweka kabla polisi hawajafika.

Mwaka uo huo Seneta Lindsey Graham na wenziwe wakapeleka katika Seneti mswada wa kuzidisha adhabu: upeo wa kifungo uwe miaka 20, avunjaye duka asipewe chini ya miaka 3, na anyang'anyaye kwa nguvu asipewe chini ya 5. Mswada huo umeletwa tena zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata.

Sisi hatuwaonei huruma wezi hawa. Bunduki iliyoibwa si kama baiskeli iliyoibwa. Dukani mnunuzi huandikwa jina, na habari zake hutazamwa kwanza kama amepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa; lakini anunuaye kwa mwizi haulizwi neno. Kwa hiyo wauzaji wenyewe, kwa kinywa cha chama chao, waliuunga mkono mswada ule, nasi hatuwalaumu.

Lakini kifungo humngoja mwizi aliyekwisha kukamatwa, na bunduki wakati huo imekwisha kupita mikono mitatu minne. Hapo ndipo tulipostaajabu. Sheria ya Serikali Kuu haimlazimishi mwenye duka kuzifungia silaha zake katika chumba cha chuma usiku, wala kuweka king'ora. Jimbo la Illinois lilitunga sheria yake mwaka 2019 kuwataka wauzaji wawe na ulinzi wa namna hiyo. Majimbo mengi hayakufanya hivyo.

Tena liko jambo la hesabu. Muuzaji hupaswa kuandika katika daftari kila silaha iingiayo na itokayo, pamoja na namba yake. Na akigundua kwamba imeibwa, hupaswa kutoa habari katika muda wa saa 48. Vema sana. Lakini atagunduaje asiyehesabu? Tangu mwaka 2004 Bunge lao limeizuia idara isimamiayo silaha isiwalazimishe wauzaji kuhesabu mali yao kila mwaka. Mlango uliovunjwa huonekana asubuhi. Bastola moja iliyotolewa kimya kimya katika sanduku, na sanduku likarudishwa rafuni, yaweza kukaa miezi bila kujulikana. Saa 48 hazijaanza hata kuhesabiwa, na ile miaka 20 haina mtu wa kumwangukia.

Tulipata kutumika katika ghala moja, hatutaitaja, ambamo vitabu vilikuwa safi na rafu hazikuhesabiwa. Kulikuwa na tangazo mlangoni lililoeleza adhabu ya mwizi kwa herufi kubwa. Siku ya kukabidhiana, mablanketi yalipungua 40, na hakuna aliyeweza kusema kama yalitoka mwezi ule au mwaka uliopita. Makarani watatu tuliulizwa maswali kwa siku mbili, na mmoja wetu, ambaye hata leo twaamini hakuchukua kitu, alikatwa mshahara. Mwizi hakujulikana. Kisha Bwana mpya akaagiza rafu zihesabiwe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na ufunguo wa pili ukatolewa kwenye msumari ulipokuwa ukining'inia, ukawekwa ndani ya sefu.