Bendera ya Raia na Bendera ya Leta: Uhuru wa Kusema na Heshima kwa Alama za Taifa

Mada kwa semina ya vijana na viongozi wa kartie, Majengo, Goma

Utangulizi

Jioni ya tarehe 7 Februari 2024, katika uwanja wa Ebimpé jijini Abidjan, wimbo wa taifa “Debout Congolais” ulipigwa kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika kati ya Kongo na Cote d'Ivoire. Léopards, wachezaji wa timu ya taifa ya Kongo, walijipanga safu moja kama ilivyo desturi. Kisha wakaziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye panja mfano wa bastola. Wakati huohuo milio ya mabomu ilikuwa ikisikika upande wa Sake, magharibi mwa Goma. Mechi ilipotea kwa bao 1 kwa 0, lakini ujumbe ulifika: watu wa mashariki wanauawa na dunia imenyamaza.

Mtu mwenye kushika desturi kwa ukali angeweza kusema kwamba wimbo wa taifa huimbwa, hauzibiwi mdomo. Hakuna mchezaji aliyeshtakiwa. Nchi nzima ilielewa kwamba vijana wale waliheshimu taifa kwa kulililia.

Mada hii inatetea jambo moja: heshima kwa bendera ipimwe kwa tendo lenyewe na madhara yake kwa watu, wala isipimwe kwa kadiri kiongozi anavyopendezwa au kukerwa na anayeishika.

Bendera iliyobadilishwa mara nyingi

Wazee wa Majengo wamesimama mbele ya bendera kadhaa katika maisha yao. Mwaka 1960 uhuru ulikuja na kitambaa cha buluu chenye nyota kubwa ya manjano, na nyota sita ndogo kando ya mlingoti kwa ajili ya mikoa sita ya wakati ule. Miaka ya sitini ikaleta mstari mwekundu wa mshazari. Mwaka 1971 Mobutu akaiita nchi Zaïre na kupandisha bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Mwenge huo ulikuwa alama ya MPR, chama pekee kilichoruhusiwa. Kuanzia hapo kuisalimu nchi na kukisalimu chama kukawa kitu kimoja, na aliyekikataa chama alihesabiwa msaliti wa nchi.

Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa Mei 1997 alirudisha nyota za 1960. Bendera ya leo ilikuja na Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ibara ya kwanza inaieleza: buluu ya anga, nyota ya manjano kwenye pembe ya juu kushoto, na mstari mwekundu wa mshazari uliozungushiwa manjano. Buluu ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, manjano ni utajiri.

Historia hii ina funzo kwa vijana. Watawala wamekuja na vitambaa vyao na kuondoka navyo, na Wakongo wamebaki. Raia ndiye mwenye bendera. Leta imekabidhiwa tu kuitunza.

Katiba inasema nini

Katiba ileile iliyochora bendera inampa raia sauti katika ibara ya 23. Kila mtu ana haki ya kutoa maoni na imani yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, alimradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Waandishi wa Katiba walitaja picha waziwazi. Bango, fulana yenye rangi za taifa, uso uliopakwa buluu na nyekundu, vyote vinaingia hapo. Ibara ya 26 nayo inaruhusu maandamano: waandaaji wanatakiwa kuwaarifu wakuu wa serikali kwa barua. Kuarifu na kuomba ruhusa ni mambo mawili tofauti, na ofisi nyingi zimekuwa zikiyachanganya.

Utawala wa kijeshi uliotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri Mei 2021 ulizidi kuibana nafasi hii. Raia wakaanza kuhukumiwa na mahakama za kijeshi, na mikutano ikategemea hiari ya mkuu mwenye sare.

Goma, Februari 2016

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba za Majengo ni wa vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012. Tarehe 7 Februari 2016 Léopards waliifunga Mali 3 kwa 0 jijini Kigali na kutwaa kombe la CHAN. Mashabiki walijaa barabarani na bendera mabegani, na hakuna polisi aliyewauliza kama kitambaa kimegusa vumbi.

Siku tisa baadaye, alfajiri ya tarehe 16, vijana sita wa LUCHA, akiwemo Rebecca Kavugho, walikamatwa mjini Goma wakiwa wanaandaa mabango ya siku ya kufunga mji. Walikuwa wameichukua furaha ileile ya mpira na kuiongezea dai: tumeshinda kombe, tutapata na demokrasia. Mahakama iliwahukumu miaka miwili kwa kosa la uchochezi. Katika rufaa adhabu ikashuka hadi miezi sita.

Ushindi ulikuwa mmoja na fahari ilikuwa moja. Aliyeutumia ushindi kusifu alishangiliwa, na aliyeutumia kudai demokrasia alifungwa. Hapo ndipo neno “heshima” linapogeuzwa kuwa fimbo ya mwenye madaraka.

Majirani na walio mbali

Kongo haiko peke yake. Nchini Kenya, Juni 2024, vijana waliopinga muswada wa fedha walijifunika bendera mitaani Nairobi, na wengine wakapigwa risasi nayo ikiwa mabegani. Rais William Ruto alitangaza tarehe 26 Juni kwamba hatausaini muswada ule. Uganda, katika kampeni za mwishoni mwa 2025, wafuasi wa kiongozi wa upinzani Bobi Wine waliinua bendera ya nchi kwa wingi, na polisi wakatoa onyo kuhusu matumizi yake.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1989 majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba Gregory Lee Johnson, aliyechoma bendera ya nchi hiyo mjini Dallas mwaka 1984, alikuwa akitoa maoni ya kisiasa na hawezi kuadhibiwa kwa hilo. Ufaransa ilichagua njia nyingine: sheria ya mwaka 2003 inatoza faini ya hadi euro 7,500 kwa anayeitukana bendera hadharani katika shughuli iliyoandaliwa au kusimamiwa na serikali. Nchi mbili zinazojiita za uhuru hazikukubaliana, kwa hiyo hata Goma ina haki ya kufikiri yenyewe.

Mahali ambapo uhuru unakoma

Mada hii isiwapendelee vijana. Februari 2024 waandamanaji wa Kinshasa walichoma bendera za Marekani na Ubelgiji kwa hasira ya vita vya mashariki. Kitambaa alichonunua mtu na kukichoma njiani kinaumiza moyo wa mgeni, lakini hakimvunji mfupa. Jiwe linalorushwa kwenye gari la mtu na moto unaotiwa kwenye jengo lake ni jambo jingine. Julai 2022, maandamano dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, yalipogeuka uporaji mjini Goma, watu walikufa.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, nayo ni kuifanya bendera kipimo cha nani Mkongo na nani siye. Novemba 2023, pembezoni mwa Goma, ofisa wa jeshi la taifa, FARDC, wa jamii ya Kitutsi aliuawa na kundi la watu kwa sababu ya sura yake. Alikuwa askari wa nchi hii, aliyekula kiapo mbele ya bendera hii. Waliomuua walijiona wazalendo. Kijana wa Majengo anayedai haki ya kuinua bendera ana wajibu wa kukataa, kwa sauti ileile, isiinuliwe juu ya kichwa cha jirani yake.

Wajibu huu ni mzito zaidi katika mji ulioingiwa na waasi wa M23 Novemba 2012, kisha tena Januari 2025. Mji unapobadilisha mwenye bunduki, rangi aliyovaa mtu inaweza kumgharimu uhai. Kwa hiyo watu wa Goma wanahitaji kanuni itakayomlinda raia, mtawala awe nani.

Mapendekezo

Kwanza, sheria na viongozi watenganishe bendera ya umma iliyo kwenye mlingoti na ile aliyoinunua raia. Kuishusha au kuichana ya umma ni kuharibu mali ya wote. Ya raia iachwe kwa dhamiri yake.

Pili, saa ya kupandisha na kushusha bendera isiwe saa ya kutafutia pesa. Mpita njia au dereva wa pikipiki asiyesikia filimbi ya kuwataka watu wasimame aelezwe na aachwe aende zake, asipigwe kofi wala kutozwa faini isiyo na risiti.

Tatu, ofisi na shule zibadilishe bendera zilizochanika au kupauka kabla ya kumdai mwanafunzi asimame wima mbele yake.

Nne, walimu wanaofundisha maana ya rangi tatu wafundishe pia ibara za 23 na 26 katika somo hilohilo.

Tano, vikundi vya vijana vinavyoandaa maandamano viandike barua ya kuarifu, vitunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na viteue watu wa kuwazuia warusha mawe na wanaotukana kabila la mtu.

Hoja za kujadiliwa katika vikundi ni mbili. Je, mkuu wa kartie afanye nini anapopokea malalamiko kwamba kijana amevaa bendera kama shuka? Na je, familia ambayo mtoto wake amekamatwa kwa sababu ya bango ianzie ofisi gani, siku hiyohiyo, ili asipelekwe mbele ya mahakama ya kijeshi?